Dereva na Kisima cha Kiwanjani

Nilianza kumchukia kwa pua. Kabla sijamjua sura, kabla sijajua kwamba lori lile ni lake, harufu yake ilinifikia dirishani: kitu baina ya yai viza na kitunguu thomu kilichooza, kizito, chenye kuganda kooni. Ndiyo kwanza nimeolewa, nimeletwa kwenye nyumba ya wakwe zangu nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, katika mji wa kale, nikadhani kuna paka amekufa ukutani. Mume wangu alicheka.

"Huyo ni Dereva," akasema. "Abadilisha oili ya gia."

Jina alikuwa nalo, tena jina zuri, lakini watoto wake wangali hai na sina ugomvi nao. Nitamwita kama tulivyomwita sote. Usoni mwake nilimwita Ami, kwa kuwa alikuwa rika la baba yangu, na yeye aliniita mwanangu, na kila aliponiita hivyo nilihisi kama nimepakwa kitu.

Lori lake lilikuwa kuukuu hata wakati ule, miaka ya sitini, bendera ndiyo kwanza imebadilika. Alilinunua kwa Mzungu mmoja mwenye kujenga barabara aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Alibebea mawe, chokaa na mchanga. Vichochoro vyetu havikuweza kulipitisha, basi alililaza kwenye kiwanja kilichokuwa baina ya nyumba yake na yetu, na katikati ya kiwanja hicho ndipo kilipokuwa kisima. Kisima kile hakikuwa cha mtu. Kilikuwa cha nyumba zote zilizokizunguka. Maji ya mfereji, ya bomba, yalikuwa mbali, na mwenye kuyataka ayabebe au amlipe wa kumbebea. Sisi tuliyaweka ya kunywa tu. Mengine yote tulichota pale. Mimi nilikuwa nikipika mahamri na mbaazi za nazi, nauza dirishani asubuhi, na unga wangu niliukanda kwa maji ya kisima. Watu walitoka hadi karibu na Ngome kuja kununua. Nasema haya si kwa kujisifu. Nataka ijulikane nilikuwa na nini.

Dereva hakuamini gereji hata moja. "Fundi wa gereji atakufungulia, atakufungia, na hakutia kitu," alikuwa akisema. "Gari yangu naijua mimi." Kwa hiyo kazi yote aliifanyia nyumbani, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa hiyo ya kumwaga oili ya giaboksi. Nimeitazama mara nyingi kutoka juu, nikiwa nimeziba pua kwa leso, mpaka ningeweza kuifanya mwenyewe.

Kwanza aliliendesha lori mpaka Makupa na kurudi, ili oili ipate moto ilainike, kwa kuwa ikiwa baridi hung'ang'ania ndani kama gundi. Akirudi aliyazuia magurudumu kwa mawe, akatandika gunia, akaingia chini chali. Zipo nati mbili, moja ya ubavuni ya kujazia na moja ya chini ya kumwagia. Yeye daima alianza na ya ubavuni. "Ukimwaga kwanza, kisha ya kujazia ikakataa kufunguka, gari yako imekufa hapo hapo," aliwaambia wanaume waliokaa barazani. Katika mambo yote niliyomsikia akiyasema, hilo ndilo pekee ninaloweza kulirudia bila kuona kinyaa. Mtu aliyejua kufikiri mbele hivyo kwa chuma!

Kisha aliifungua ya chini, na oili ikashuka nyeusi, nene, ikivutika kama kamasi, ikaingia kwenye sufuria. Sufuria hiyo ilikuwa ya mkewe. Ilikuwa miongoni mwa vyombo alivyokuja navyo siku ya harusi yake.

Hapo ndipo nilipokuwa nikifunga dirisha, lakini mara ya kwanza sikujua, nikabaki nikitazama. Alichovya kidole, akakisugua na kidole gumba mbele ya macho yake. Vumbi la chuma likamemeta. Akalinusa. Kisha akaweka kidole ulimini, akafumba macho, kama sharifu mwenye kuonja halua. Akatema pembeni.

"Meno ya gia mazima," akasema. "Hayajalika."

Wanaume wakaitikia, "Mashaallah."

Mimi nilikimbilia karoni kutapika.

Mikono yake sitaisahau. Ilikuwa myeusi mpaka ndani ya mistari ya viganja, na kucha zake zilikuwa na kingo nyeusi kama barua za tanzia. Alikula kwa mikono hiyo, alisalimia kwa mikono hiyo, alipapasa vichwa vya watoto wa watu kwa mikono hiyo. Mtoto akiwa na mapunye, Dereva alimwita, akampaka oili ya zamani kichwani, akasema ni dawa. Kinamama walikubali. Wengine walimletea watoto wao wenyewe. Milango yetu ya nyuma aliipaka oili hiyo hiyo chini ili mchwa wasile, bila kutuuliza, na kwa mwezi mzima buibui langu lilikuwa na ukingo unaonuka.

Na mtu huyo huyo alikuwa mteuzi wa chakula kuliko bibi harusi. Alikuja dirishani kwangu asubuhi, akanyoosha kidole kile.

"Mwanangu, hilo usinipe. Inzi ameketi juu yake."

"Hakuketi, Ami. Amepita tu."

"Ameketi, nimemwona. Nipe la chini."

Nikampa la chini. Alilipokea kwa vidole vyake, akalipuliza vumbi ambalo halikuwapo, akala. Samaki akilala siku moja hakumgusa. Ijumaa alitoka na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, kofia ya kiua, udi nguoni, na wageni wasiomjua walimsogelea kumbusu mkono. Nilikuwa nikiwaangalia wakiinama, nasema moyoni, mngejua ulikotoka mkono huo.

Kulikuwa na dele la kahawa, la shaba, la nyumbani kwake. Tundu la kujazia giaboksi liko pembeni, juu, mahali ambapo debe halifiki, basi Dereva alitia oili mpya kwenye dele, akachomeka mpira kwenye mdomo wake, akawa anamimina taratibu mpaka ikaanza kufurika tunduni. Kufurika ndiyo alama kwamba imejaa. Akimaliza alilipangusa dele kwa kitambaa, akalirudisha jikoni.

Siku ya hitima ya mamake, wanaume walijaa barazani kwake. Kahawa ikapita. Niliona kwa dirisha jinsi mzee wa kwanza alivyoonja, akaacha kutafuna kashata yake. Akamtazama wa pili. Wa pili akaonja. Walikunywa vikombe vyao mpaka mwisho, nyuso zimekakamaa, kisha wakasoma dua ndefu kuliko kawaida. Dereva alizunguka akiwaongeza. "Kahawa ya leo ina ladha," akasema, na wao wakaitikia kwamba ni kweli, ina ladha.

Utauliza kwa nini walimstahamilia. Jawabu ni lori. Mtu akifiwa, Dereva alipeleka mawe ya kaburi bila kudai kitu. Msikiti ukitaka mchanga, alileta. Mtu akihama, alihamishwa. Mvua kubwa ilipoangusha ukuta wa mjane mmoja wa mtaani, yeye ndiye aliyefika kabla ya ndugu zake, akabeba vifusi peke yake mpaka jua likachwa. Hilo lilikuwa kweli na sitalificha. Alikuwa na moyo wa kutoa. Lakini nimeishi nikaona kwamba mtu anaweza kukuazima mgongo wake umtwishe mizigo yako, na wakati huo huo akakutilia uchafu katika maji yako, na asione kwamba moja lapingana na jingine.

Mkewe alikuwa Bi Zuhura, mtu wa Malindi, mpole, mwenye sauti ndogo. Yeye ndiye aliyefua zile kanzu. Pia ndiye aliyefua suruali na mashati ya kazi, kwa magadi na mafuta ya taa, kwa kuwa sabuni peke yake haikuweza. Siku moja alikuja kwangu kuomba nazi, na alipopokea nikaona viganja vyake. Ngozi ilikuwa imepasuka, nyekundu baina ya vidole, na palipopona palikuwa pamekuwa pagumu kama gamba la kobe. Nilimshika mkono nikamketisha, nikampaka mafuta ya nazi. Aliona haya.

"Haya ni ya kawaida," akasema.

"Si ya kawaida, Bi Zuhura. Mwambie apeleke nguo kwa dobi."

"Asema dobi ataziharibu."

Kisha, akiwa ameinamisha kichwa, akaniuliza kama maji ya kisima yaninukia. Nikamwambia siku nyingine nayaona mazito.

"Amwaga pale," akasema. "Nyuma ya kisima, kwenye shimo. Kila mara. Nimemwambia, akaniambia ardhi yanywa kila kitu."

Ardhi yetu ni mawe ya matumbawe, yenye matundu kama sifongo. Kitu ukikimwaga juu, hakibaki juu. Hilo halihitaji chuo. Nilikwenda nyuma ya kisima nikaliona shimo, jeusi, limeng'aa, majani ya pembeni yamekufa. Nilimwambia mume wangu. Akaahidi atazungumza na Dereva kwa vizuri. Sijui kama alizungumza. Nafikiri alizungumza habari za mpira.

Ikafika harusi. Nyumba ya pili kutoka kwetu waliozesha binti yao, nao waliniagiza mimi mahamri na mbaazi za wageni wote wa asubuhi. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa. Nilikanda unga mchana kutwa, nikaroweka mbaazi kwenye masufuria na ndoo, na alfajiri nikawasha moto. La kwanza lilipoumuka kwenye karai, ile harufu ikanipanda. Nilidhani yatoka nje. Nikaliepua, nikalimega, nikaonja.

Ilikuwa oili ya gia. Ndani ya hamri langu.

Nikakimbilia ndoo ya mbaazi. Juu ya maji palikuwa na utando, wa zambarau na kijani, unaozunguka polepole. Nilipotia mkono, ulinishika mpaka kifundoni. Nilisimama pale na mkono wangu umeng'aa, nikatapika mbele ya chakula cha harusi ya watu.

Niliutupa unga wote, na mbaazi. Kinyunya kwa kinyunya. Wenye harusi walituma watu mbio kutafuta mikate kwengine, na mama wa bibi harusi alikuja mlangoni kwangu, hakunitukana, alinitazama tu kisha akatazama mikono yangu. Mtazamo ule naujua. Ndio niliokuwa nikimtazama nao Dereva.

Asubuhi hiyo hiyo nilichota ndoo ya kisimani, nikaivuta mpaka penye baraza ya wanaume, nikaitua. Sijawahi kusimama mbele ya wanaume namna ile. Dereva alikuwa kwenye ngazi ya lori lake, amejitia udi kwa harusi.

"Ami," nikasema, "njoo uangalie maji haya."

Akaja. Akaangalia. "Maji ni maji. Yana nini?"

"Yana oili yako. Unayomwaga nyuma ya kisima."

"Mwanangu, ardhi ile ni nene. Hakuna kinachopita. Labda karai lako halikuoshwa."

Watu wakaguna. Nilihisi damu imenipanda machoni. "Yanuse," nikamwambia.

Hakuyanusa. Alichukua kopo lililokuwa kwenye ukingo wa kisima, akalizamisha ndooni, akaliinua watu wote walione, akanywa. Akanywa mpaka chini, koo likipanda na kushuka. Alipolitua, utando ule ulikuwa umebaki kwenye masharubu yake, ukimemeta juani kwa rangi zake zote. Akatabasamu.

"Matamu," akasema.

Na wale wanaume, wale waliokunywa kahawa ya hitima na wakajua, wakacheka kwa kufarijika. Mzee mmoja wa msikitini, mtu ninayemheshimu kwa mengine, akanigeukia. "Basi, Bi Rukia. Mtu amekunywa mbele yetu. Wataka nini tena?"

Nilimchukia Dereva siku hiyo, lakini kinyaa kikubwa zaidi nilikiona kwao. Walikuwa na pua. Walikuwa na macho. Msikiti ulikuwa ukingojea mchanga.

Ndipo mlango wa Dereva ukafunguka, akatoka Bi Zuhura. Alikuwa amevaa buibui lake vizuri, kama anayekwenda mahali. Alipita katikati ya wanaume bila kumsalimia mtu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake, akaokota kopo, akalijaza kwenye ndoo ile ile, akampelekea mumewe kwa mikono yote miwili.

"Kunywa tena," akasema.

Dereva akamtazama.

"Kunywa. Ndoo haijesha. Mimi nimekunywa tangu uje na lori hilo, na watoto wako wamekunywa. Kunywa nawe."

Sauti yake haikupanda. Ilikuwa ile ile ya kuomba nazi. Kopo lilikuwa mbele ya kifua chake, na mikono yake ile iliyopasuka imelishika, kila mtu akaiona. Dereva alilipokea. Alilisogeza mdomoni. Niliona pua zake zikifunguka, kisha midomo yake ikakataa, ikajifunga yenyewe kama ya mtoto anayepewa mwarubaini. Alijaribu tena. Kisha akalitua kopo chini, akageuka, akaingia chini ya lori lake na kanzu yake nyeupe, ya harusi, akalala humo. Hakuwa na spana. Hakuwa na kazi yoyote ya kufanya humo.

Hakuna aliyecheka. Wanaume walianza kuondoka mmoja mmoja wakisema wamechelewa harusini.

Bi Zuhura aliondoka na basi la Malindi siku zile zile, akaenda kwa kaka zake. Talaka hakupewa wala hakuiomba. Kisima kilifunikwa kwa ubao, kisha kwa jiwe. Mimi niliendelea kupika kwa maji ya mfereji, niliyoyabeba mwenyewe, lakini wateja walikuwa wameshasikia habari za harusi ile, na mtu akishasikia harufu fulani imeingia chakulani, utamwambia nini? Nilipika mwaka mmoja zaidi, nikaacha. Na Dereva? Aliendelea kubadilisha oili yake. Pale pale. Sasa kisima kilikuwa kimekufa, akawa hana hata sababu ya kujificha. Shimo lilipanuka. Siku za mvua lilitoa mchirizi mweusi mpaka mlangoni kwetu.

Tulihamia mtaa wa Buxton, mume wangu alipopata nyumba ya halmashauri. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kufungua mfereji wa jikoni na kuuacha utiririke, nikiwa nimesimama nikiuangalia tu.

Miaka ikapita. Jioni moja, kabla ya magharibi, nikasikia hodi, na sauti nikaijua. Nilifungua. Alikuwa amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe zote, ameshika fimbo. Lori, akaniambia, alikwisha kuliuza kwa vyuma. Meli ya mahujaji ilikuwa ikiondoka na yeye alikuwa amepata nafasi, na kama desturi yetu ilivyo, mwenye kwenda Hija huwazunguka watu kuwaomba radhi kabla ya safari.

Mume wangu hakuwapo. Nilimtolea kiti nje, mlangoni, nikasimama ndani.

"Mwanangu," akasema, "nimekuja uniwie radhi. Kwa lolote lililopita baina yetu."

Maneno hayo kila hujaji huyasema, na kila mtu hujibu papo hapo kwamba amekwisha kusamehe. Mimi nilimuuliza.

"Lolote ni lipi, Ami?"

Akatazama chini. "Lolote tu. Binadamu hukoseana."

"Mimi sikukukosea. Sema ni lipi."

Watoto wa jirani walikuwa wakipiga kelele ngazini. Alingoja wapite.

"Maji," akasema.

"Maji yalikuwaje?"

"Nalijua." Alilisema kwa sauti ndogo sana. "Kabla ya harusi ile. Kabla sana. Nalikuwa nikitawadha asubuhi, nikasukutua, nikayasikia kinywani. Nalijua."

"Na ukanywa."

"Nikanywa."

"Na baadaye ukaendelea."

"Ningefanya nini, mwanangu? Nimekwisha kunywa mbele ya watu. Ningemwaga kwengine, wangesema basi lilikuwa kweli."

Nilikuwa nimetarajia kwamba siku akikiri nitahisi kitu kimetoka kifuani. Hakikutoka kitu. Nilimwona tu akiwa chini ya lori lake kila baada ya miezi kadhaa, miaka yote ile, anafungua nati, anamwaga, ili asionekane mwongo.

"Nenda kwa Bi Zuhura kwanza," nikamwambia. "Yeye ana haki kunipita mimi."

"Nimetoka kwake juzi. Nilibisha mpaka adhuhuri." Alifuta uso kwa upindo wa kanzu. "Hakufungua. Nalimsikia ndani akifagia."

Mwenye kwenda kwenye nyumba ya Mwenyezi Mungu hanyimwi radhi. Hivyo nilifunzwa na mama yangu. Nikasema, "Nimekuwia radhi, Ami. Ya maji yangu. Ya mkeo si yangu kutoa."

Alishukuru mara nyingi. Akasimama kwa tabu, akanyoosha mkono. Ulikuwa safi. Bintiye, ambaye alikuwa akikaa naye sasa, huenda alimsugua kwa miezi. Ulikuwa mweupe viganjani, laini. Nikaufunika mkono wangu kwa upindo wa leso, nikampa.

Alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alidhani nachunga dini.

Alipokwisha kushuka ngazi, niliivua leso nikaitumbukiza kwenye ndoo, nikatia sabuni, nikafungua mfereji.